Tulivyokwenda Kusikiliza Kichwa cha Mpwa Wangu

Msumbiji nimeingia mara nyingi hata siwezi kuhesabu. Kwetu Mahurunga mto Ruvuma uko hapo bondeni, na ng'ambo kuna ndugu, kuna harusi, kuna misiba. Unapanda mtumbwi asubuhi, jioni umerudi kwako. Lakini Dar es Salaam, mji unaotajwa redioni kutwa kucha, sikuwahi kuukanyaga. Mimi ni karani wa msimu katika chama cha msingi cha korosho, kazi yangu kusoma mizani na kuandika kilo. Umri umepita arobaini, na kwa upande wa kaskazini mwisho wangu ulikuwa Lindi. Machi iliyopita niliuvuka mwisho huo kwa ajili ya mtoto wa dada yangu. Kwetu Wamakonde mtoto wa dada ni wa mjomba kabla ya kuwa wa mtu mwingine yeyote.

Ana miaka minane. Kwa mwaka na zaidi alikuwa na jambo ambalo nyumbani tuliliita kuduwaa. Anaongea, katikati ya neno anakatika. Macho yako wazi, kope zinachezacheza kidogo, tonge limebaki mkononi, halijafika mdomoni. Ukihesabu taratibu mpaka kumi anarudi, anamalizia tonge lake, wala hajui kwamba hakuwepo. Mara tano kwa siku, mara kumi, mara ishirini.

Kifafa tunakijua, tena tunakiogopa: mtu anaanguka, anakakamaa, anatupa mikono na miguu, povu linamtoka. Degedege tunalijua: mtoto mdogo, homa kali, macho juu. Hili la kusimama wima huku haupo halikuwa na jina, basi kila mtu akalipa la kwake. Shuleni liliitwa uvivu, akachapwa. Bibi yake alisema mtoto anaitwa na kitu cha mtoni. Akanyweshwa kombe, akafungwa hirizi. Na mimi mwenyewe, naliandika hili kwa uchungu, niliwahi kumfinya sikio kwa kuniacha nikizungumza peke yangu.

Siku iliyotuamsha alikuwa mtoni na mama yake, maji yamemfika magotini, ndoo mkononi, akaduwaa. Pale tunapochota maji mamba wamekwisha kuchukua watu. Dada alimwita, hakugeuka. Alipomkamata mkono na kumvuta, mtoto akauliza kwa mshangao, "Mama, mbona unanivuta?"

Kituo cha kwanza tulichokwenda walisema ni kifafa, wakampa vidonge vya kabamazepini. Jina la ugonjwa, kama tulivyokuja kujua, lilikuwa sahihi. Vidonge ndivyo havikuwa vyake. Hazikupita wiki tatu, kuduwaa kukazidi hata vidole vya mikono na miguu havikutosha kuhesabia. Daktari mwingine, mjini Mtwara, alitusikiliza bila haraka, kisha akaandika rufaa ya Muhimbili. Kwenye karatasi alitaja kipimo cha mawimbi ya ubongo.

Mawimbi! Mimi nimekulia karibu na mlango wa Ruvuma. Nayajua mawimbi ya kusi na ya kaskazi, nayajua maji ya bamvua yanavyopanda na kuusukuma mto urudi ulikotoka. Kwamba ndani ya fuvu la mtoto wetu nako kuna mawimbi, na kuna watu kazi yao ni kuyaandika, hilo lilinikosesha usingizi.

Maelekezo ya kipimo yalimtisha dada kuliko safari yenyewe. Misuko ifumuliwe yote. Nywele zioshwe kwa sabuni, zisipakwe mafuta hata tone. Dawa zisikatizwe bila kuambiwa. Usiku wa kuamkia kipimo mtoto asilale zaidi ya saa nne. Dada alikuwa amemsuka siku mbili kabla, mistari myembamba iliyopangika, maana mtoto anakwenda mjini. Kumfikisha Dar na nywele timtim aliona ni kuaibisha ukoo mzima. Na jirani yetu mmoja, mzee wa heshima, alituita pembeni akauliza tuna hakika gani kwamba hiyo mashine si ya mumiani. Sikumcheka. Nami nilikuwa na swali lilelile, ila langu nililivalisha nguo nyingine: je, hiyo mashine inaingiza umeme kichwani au inautoa?

Basi liliondoka Mtwara saa kumi na mbili alfajiri. Mikindani nilikuwa naijua, na ghuba yake iliyotulia kama maji ya mtungini. Baada ya Lindi kila kitu kikawa kipya, nikawa nashika kioo kama mtoto. Nangurukuru, jina nililolisikia maisha yangu yote nikidhani ni mji mkubwa, ni njia panda ya kwenda Kilwa, ina vibanda na watu wenye haraka. Somanga tulishuka kula samaki wa kukaanga, na abiria mmoja akatuonyesha upande ambako kimbunga Hidaya na mvua zake vilikata barabara Mei 2024. Nilipoangalia ardhi ile tambarare nikaelewa: ni kama mabonde yetu ya mpunga, maji yakiamua kupita hayaombi njia.

Rufiji ndio ulioninyamazisha. Sisi watu wa Ruvuma tunadhani mto ni wetu peke yetu. Basi lilipanda Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, na likaendelea kwenda juu ya maji na matope na majani mpaka nikaanza kuhesabu nguzo za pembeni. Mpwa wangu alikuwa mapajani mwangu akihesabu pamoja nami. Alifika ishirini na tatu, akakatika. Nami nikanyamaza kumngoja. Aliporudi akasema "ishirini na nne", wakati daraja tulikwisha kulimaliza.

Mbagala tulipokelewa na binamu yetu. Niliposhuka Rangi Tatu nikasikia mtu nyuma yangu akigombana kwa Kimakonde, nikadhani nimepitiwa na usingizi, nimerudishwa kwetu. Watu wa kusini wamejaa pale. Lakini kelele! Kwetu usiku una sauti moja moja: chura, kiboko akikoroma bondeni, mtoto wa jirani. Mbagala sauti zote zinakuja kwa pamoja, pikipiki na muziki na adhana na muuza kahawa anayegonganisha vikombe, hata sikio halijui lishike ipi.

Kelele hiyo ilitusaidia usiku wa kumnyima mtoto usingizi. Tulimwacha alale saa nne ya usiku, tukamwamsha saa nane. Dada alimwosha nywele kwa mara ya tatu. Binamu akaleta ming'oko tuliyowabebea kutoka nyumbani, tukaketi mkekani tukitegana vitendawili mpaka alfajiri. Kila alipotegewa, mara ajibu, mara aduwae. Sikuwahi kumtazama kwa saa nyingi mfululizo namna ile. Niliandika kila tukio nyuma ya daftari langu la korosho, saa na muda, kwa mazoea tu ya kazi. Sikujua kwamba yale maandishi yangekuja kuulizwa.

Muhimbili ni kubwa kuliko kijiji. Ina barabara zake, ina vichochoro vyake, na watu hukuelekeza kwa kutaja majengo kama sisi tunavyotaja miembe. Kwenye benchi tuliketi na bibi mmoja kutoka Mahenge, na mjukuu wa kiume ambaye kichwa kilikuwa kikishuka na kupanda kama cha mtu anayesinzia. Bibi alituambia kwao ugonjwa huo ni wa siku nyingi. Alipokuwa binti kulikuwa na daktari wa kizungu, mama, aliyefungua kliniki ya kifafa kule milimani. Nilikuja kujua ni Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, aliyeanza kazi hiyo Mahenge miaka ya mwanzo ya 1960, na ndiye aliyeandika habari za watoto wale wa kuinamisha kichwa. Alikuta wagonjwa wenye makovu ya moto, kwa sababu mtu akiangukia jikoni jamaa waliogopa kumgusa, wakiamini mate na povu lake huambukiza. Bibi alikunja upande wa khanga akatuonyesha mkono wake mwenyewe. Sikuuliza zaidi.

Mtaalamu wa kipimo alikuwa binti wa makamo ya mdogo wetu wa mwisho. Alimwamkia dada, akaniamkia mimi, akauliza, "Wewe ndiye baba?" Nikasema hapana, mjomba. Akatabasamu: "Wa kusini. Basi mwenye mtoto ni wewe." Hofu yangu nusu ikaondoka pale pale.

Nilitarajia mashine kubwa. Nilikuta kompyuta, kisanduku kidogo kama cha kuwekea chaki, na shungi la nyaya za rangi kila namna. Alianza na tepu, ileile ya fundi cherehani. Akapima kutoka kwenye mbonyeo wa juu ya pua mpaka kifundo cha kisogoni, kisha kutoka sikio hadi sikio, akawa anagawa asilimia 10, asilimia 20, na kutia alama kwa penseli nyekundu. Utaratibu huo ulichapishwa mwaka 1958, ili karatasi iliyoandikwa Dar na iliyoandikwa Tokyo zisomeke kwa kanuni moja. Mimi mtu wa mizani nilifurahi kuliko nilivyoweza kueleza. Kumbe hata hapa kuna jiwe la kupimia lililokubaliwa na wote.

Akapaka kila alama uji mzito mweupe, akabandika vikombe vidogo vya chuma, 21, kila kimoja na waya wake. Alipomaliza, mpwa wangu alikuwa kama mwali aliyepambwa shanga siku ya kutolewa. Dada alikuwa amefunga macho. Hapo nikauliza swali langu. Binti hakunidharau. Alisema waya hauingizi chochote, unapokea tu. Seli za ubongo huzungumza kwa umeme, na umeme huo ukifika juu ya ngozi umekuwa kitu kidogo mno: ukilinganisha na betri moja ya tochi, volti moja na nusu, huu umepungua mara 30,000 hivi. Kazi ya kisanduku ni kuukuza uonekane.

Nikaelewa kwa njia yangu. Kiboko akiwa chini ya maji humwoni. Mwenye mtumbwi huangalia juu, mapovu na mstari wa maji unaokwenda pasipo upepo, na kwa hayo hujua mnyama yuko wapi na anaelekea wapi. Binti yule alikuwa ameketi juu ya ubongo wa mpwa wangu kama mvuvi mtumbwini.

Mistari ikaanza kutembea kwenye kioo, kumi na kitu, mmoja chini ya mwingine. Mara ikaruka yote ya mbele, nikasimama. "Amepepesa macho," akasema. Ikachafuka tena, nyeusi tititi. "Amemeza mate. Sasa ameuma meno." Nusu ya ufundi wake, alisema, ni kujua kisicho ubongo. Nikakumbuka gunia la korosho lenye mchanga na unyevu. Mizani inapima vyote, karani ndiye anayepaswa kujua uzito upi si korosho.

Akamwambia mtoto afumbe macho. Kwenye mistari ya kisogoni kukatokea viwimbi laini, vya mpangilio, tisa hivi kwa kila sekunde. "Fumbua." Vikatoweka. "Fumba." Vikarudi. Nilimwomba arudie mara ya tatu kwa raha yangu tu, naye akarudia. Hivyo ndivyo viwimbi alivyoviona Hans Berger, daktari wa mji wa Jena, Ujerumani, aliyeandika mawimbi ya ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, akakaa nayo miaka mitano ndipo akayachapisha, na hata hapo wengi hawakumwamini. Mwanawe mwenyewe alikuwa miongoni mwa watu aliowapima. Na kilichomtia katika kutafuta ni ndugu yake wa kike. Berger alipokuwa kijana jeshini alianguka kutoka kwenye farasi, akanusurika kifo. Siku hiyohiyo dada yake, aliye mbali, aliingiwa na hofu juu yake, akamshikilia baba yao ampelekee simu ya maandishi. Tangu hapo akataka kujua ni nguvu gani hutoka kichwani mwa mtu. Nguvu ya kufika mbali vile hakuipata. Alipata hivi viwimbi. Nilimtazama dada yangu, sasa amefumbua macho, na nikaona hiyo habari haihitaji kuelezwa sana kwa mtu wa kwetu.

Kisha ikaja sehemu tuliyoisafiria. Binti alikata kipande cha karatasi, akakishika mbele ya mdomo wa mtoto: "Pulizia hiki kama unawasha moto wa kuni mbichi, usiache mpaka niseme." Dakika moja. Karatasi inapepea. Dakika ya pili ilikuwa inakaribia kwisha. Karatasi ikasimama.

Mistari yote, ya mbele, ya nyuma, ya kushoto, ya kulia, ikainuka kwa pamoja. Mwiba na wimbi, mwiba na wimbi, tatu kwa kila sekunde, mikubwa, safi, kama ngoma inapokolea na wapigaji wote wakashika mkono mmoja. Macho ya mtoto wazi. Kope zinacheza. Na yule binti, kwa sauti ya kawaida kabisa, akasema, "Nazi."

Sekunde kumi na moja. Mistari ikarudi ilivyokuwa, kila mmoja na njia yake. Mtoto akaanza tena kupuliza.

"Mama, nimekwambia neno gani sasa hivi?"

Mtoto akamtazama. "Hujaniambia neno."

Dada alianza kulia bila sauti. Mimi nilikuwa nafikiria sikio nililolifinya. Alikuwa amesema kweli kila mara aliposema hakusikia.

Tulidhani tumemaliza, kwamba mashine imesema na daktari atasoma. Haikuwa hivyo. Daktari bingwa wa watoto alikuwa na maswali mengi kuliko nyaya. Alizaliwaje? Alilia mara alipozaliwa? Amewahi kupata malaria ya kichwani? Anaduwaa asubuhi au jioni? Mikono hushtuka? Akizinduka anachoka, au anaendelea palepale? Nikatoa daftari la korosho. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mistari, kama nisomavyo mimi stakabadhi. Akasema kipimo hiki huweza kutoka safi kwa mtoto mwenye kifafa, kwa kuwa siku hiyo hakikutokea kitu, na huweza kuonyesha doa kwa mtoto asiyeumwa kabisa. Mashine inaona saa moja. Mwaka mzima mnao nyinyi.

Kwa mpwa wangu vyote viwili vilikutana. Ni kifafa cha kuduwaa, cha utotoni, na ile miiba mitatu kwa sekunde ndiyo alama yake, iliyoelezwa na madaktari wa Boston, Gibbs, Davis na Lennox, mwaka 1935. Ndipo akatufafanulia habari ya vidonge. Kabamazepini inafaa kifafa kinachoanzia upande mmoja wa ubongo. Hiki huanza pande zote kwa mara moja, na dawa ile hukichochea. Ukiangalia mtoto kwa nje huenda usitofautishe, kwenye mistari utofauti ni kama wa mbuzi na kiboko. Akambadilishia valproeti, kuongezwa kidogokidogo, na akamwambia dada wazi kwamba binti akikaribia kuvunja ungo warudi waizungumzie tena, maana dawa hii ina madhara kwa mimba. Hakulizungukazunguka. Wengi wa watoto wa namna hii, alisema, huachana na ugonjwa kabla ya utu uzima.

Nikamwuliza ni watoto wangapi wako hivi. Alinitajia uchunguzi wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliopita kwa watoto zaidi ya 38,000 wa miaka 6 hadi 14 na kukuta 112 wenye kifafa hai, karibu watatu katika kila 1,000. Wote wa aina zote, si wa kuduwaa tu. Nikapiga hesabu kimyakimya. Shule ya watoto 700 ina wawili. Wa kwetu nimempata mmoja.

Njia ya kurudi nililala kuanzia Kibiti mpaka Lindi. Kule nyumbani yule mzee alikuja kumkagua mtoto, akamgeuza kichwa huku na huku akitafuta tundu. Alikuta mabaki ya uji mweupe nyuma ya sikio, akayanusa. Nikamweleza habari ya kiboko na mapovu. Aliniuliza swali moja tu, kama inawezekana kumpeleka mjukuu wake.

Daktari aliagiza niendelee na daftari, na tukirudi kliniki nilibebe. Wiki ya kwanza ya dawa: kumi na nne, kumi na sita, kumi na mbili kwa siku. Wiki ya nne: tatu, nne, mbili. Nimekwenda shuleni na karatasi ya hospitali, nikaketi na mwalimu wake, tukasomeana. Maji ya mtoni hachoti tena, na jikoni hakai peke yake.

Mei, mpunga ulipoiva, tulikuwa bondeni kuwinga ndege. Yeye juu ya dungu na kombeo lake, mimi chini nafunga miganda. Kila baada ya muda nilikuwa nakohoa na kutupa neno, bila kumtazama.

"Nazi."

"Nazi, mjomba."

Nikafunga miganda mitatu.

"Mkeka."

"Mkeka. Mjomba, ndege wale kule!"